Nani Kamuuliza Bibi Sungura?

Siku mliyoniaga pale studio mlinikatia keki, mkanipigia makofi, kisha mkaniomba niwaachie maneno machache ya hekima. Hekima sina. Nina koo lililochoka na kazi niliyoifanya, na hiyo kazi ndiyo nitakayowaandikia. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe.

Kwa wale walioajiriwa juzi na wasionijua vizuri, mimi ni Minza, mzaliwa wa Bariadi, na maisha yangu yote nimekuwa nikitia maneno ya Kiswahili na Kisukuma katika picha zilizopigwa na watu wengine. Leo mnakaa mbele ya kompyuta, mnavaa vidude masikioni, na mkikosea mnafuta. Sisi tulikosea mbele ya watu, na watu walitujibu hapo hapo.

Nilianza kazi kwenye gari la sinema la ushirika wa wakulima wa pamba. Ndani mlikuwa na projekta, jenereta, shuka kubwa jeupe, nguzo mbili za kulitundikia, na mzee mmoja aliyeitwa Lusinge. Lusinge ndiye aliyekuwa fundi mitambo. Aliyekuwa akishika kipaza sauti alikuwa amehamia Mwanza, na mimi nilichukuliwa kwa sababu nilikuwa na Kiingereza cha sekondari na sauti ambayo mama yangu aliilalamikia tangu nikiwa mtoto.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Nkoma. Picha ilikuwa ya mkulima anayepuliza dawa ya wadudu wa pamba. Watu walijaa mpaka wengine wakakosa nafasi mbele, wakaenda kukaa upande wa nyuma wa shuka, maana picha huonekana hata huko, ila imegeuka. Msimu uliofuata tulipita tena Nkoma tukakuta mzee mmoja anahangaika shambani na bomba la dawa, anapuliza kwa mkono wa kushoto. Nikamuuliza kwa nini anajitesa. Akasema, "Si ndivyo mlivyotuonyesha?" Lusinge alicheka njia nzima mpaka Lagangabilili. Kisha akaniambia nisimcheke sana yule mzee, kwa kuwa hata aliyekaa mbele huenda naye kaona ya kwake.

Lusinge hakunifundisha kwa mihadhara. Alinifundisha kwa kunizimia kipaza sauti. Wiki ile ile ya kwanza, alipokuwa akibadilisha mkanda na shuka likabaki jeusi, niliona aibu ya ukimya nikaanza kuwaeleza watu yatakayompata yule mkulima baadaye, jinsi atakavyovuna, jinsi atakavyojenga nyumba ya bati. Sauti ikakatika. Nilipogeuka nikamwona ameshika waya.

"Binti," akasema, "usitie neno mahali hakuna picha."

"Watu wanangoja, mzee."

"Wangoje. Wana vichwa vyao."

Alinifundisha pia kukaa upande, ili nione nyuso za watu pamoja na picha. Anayeangalia picha bila kuangalia watu, alisema, anajisomea tu. Hiyo nayo iwekeni akilini, ingawa ninyi watazamaji wenu hamuwaoni.

Kisha ikaja ruhusa ya serikali, biashara ikafunguliwa. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia na mizani zao na malori yao, vituo vya ushirika vikaota majani, na kitengo cha kwanza kufungwa kilikuwa chetu. Gari la sinema likapandishwa juu ya mawe. Lusinge akarudi kwao, na siku ya kuagana akanipa kipande cha shati lake kuukuu, kile alichofutia lenzi miaka yote. Nilitarajia kitu kikubwa zaidi. Baadaye nilikuja kujua kwamba hicho ndicho kilichokuwa kikubwa.

Ruhusa ile ile iliyolifunga gari letu ndiyo iliyomleta Bwana Seif. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Mwanza, mwembamba, mwenye haraka, akauza redio, akauza mitumba, mwishowe akaja na televisheni, deki na jenereta, akapanga ghala la pamba lililokuwa limebaki tupu, akaliita ukumbi wa video. Akaulizia mjini mtu wa kutafsiri, akaelekezwa kwangu. Dari ya ghala lile ilikuwa bado imeshika pamba. Jenereta ikinguruma, nyuzi zilidondoka polepole juu ya vichwa vya watu, na juu ya deki. Hedi ya deki, kile kichwa kinachosoma mkanda, ikishika uzi mmoja tu, picha inajaa chenga. Mwezi wa kwanza Bwana Seif aliisafisha kwa spiriti na pamba, kwa sababu pamba ilikuwepo bure, na kila alipoisafisha ikazidi kuharibika. Nikamletea shati la Lusinge. Tukawa watu tunaoishi ndani ya pamba na hatuiruhusu isogee karibu na mashine.

Picha zetu zilikuwa za karate na za Kihindi. Watazamaji walikuwa wanaume. Mimi nilikaa kwenye kigoda pembeni ya televisheni na kipaza sauti, nikawapiganisha Wachina kwa Kisukuma. Nilikuwa hodari, sitajifanya sikuwa. Watu walitoka Sapiwi kwa baiskeli kuja kusikiliza matusi ambayo Wachina wenyewe hawakuyajua.

Siku moja Bwana Seif akaja na kaseti aliyotumiwa na ndugu yake wa ng'ambo, aliyeirekodi kutoka kwenye televisheni ya huko. Ilikuwa katuni, picha ya zamani ambayo, kwa maelezo ya ndugu huyo, familia za huko huirudia kila mwaka na watoto wanaijua kwa moyo. Niliitazama peke yangu kwanza, kama nilivyozoea: mara moja nikiwa na sauti, na mara moja bila sauti ili nione picha yenyewe inasema nini.

Ilikuwa habari ya familia ya sungura. Walikaa bondeni, bonde likakauka. Baba akasikia kwamba ng'ambo ya bahari kuna nchi ambayo majani yake yanafika masikioni. Wakapanda treni, wakapanda meli, baba, mama na watoto. Bibi yao, mama yake yule mama, wakamwacha amekaa mlangoni mwa shimo, kwa kuwa baba alisema mzee hawezi safari. Huko walikofika wakaishi chini ya stesheni ya jiji kubwa. Baba akawa anavuta mizigo. Watoto wakachekwa kwa lafudhi yao, kisha wakajifunza ya huko, wakaanza kumcheka mama yao. Mwisho mama sungura anaonekana bandarini. Meli ya kurudi kwao inapiga honi, mumewe na watoto wamesimama nyuma yake, naye anainua mguu. Hapo kaseti ya ndugu yake Bwana Seif iliisha. Chenga tupu. Aliinua mguu kupanda, au kugeuka, hakuna aliyejua.

Bwana Seif aliamua ionyeshwe Jumapili alasiri, watu wakitoka kanisani, kwa hoja kwamba katuni ni ya watoto. Mimi mzaliwa wa hapa sikuona tatizo. Ghala likajaa kina mama, watoto, na wazee waliokuja kuuliza bei ya dawa ya ng'ombe wakavutwa na kelele. Mbele kabisa alikaa Masunga, mfugaji wa Sapiwi, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache. Sungura walipoanza tu kuzungumza, akasimama.

"Minza, huyo mnyama anaongea?"

"Anaongea, baba."

"Jua hili lote?"

Akachukua fimbo yake akatoka, na wanaume wengi wakamfuata. Hapo ndipo nilipokumbuka. Kwa wazee wetu hadithi za wanyama wanaozungumza hazisimuliwi mchana. Ukizisimulia mchana, ng'ombe wanapotea malishoni. Nilikuwa nimedhani video ni video. Na kama kunikomesha, jioni ile mtamba mmoja wa Masunga hakurudi zizini. Alipatikana kesho yake kwenye mahindi ya mtu, amenenepa na hana habari, lakini kesi yetu ilikuwa imeshaamuliwa.

"Watu wanadai video yangu imepoteza ng'ombe!" Bwana Seif alilia. "Mwanza yote sijawahi kushtakiwa hivyo."

Alitaka kuificha kaseti. Lakini wale waliobaki mpaka mwisho walikuwa wameshaibeba mjini. Sijawahi kuona picha iliyogawanya watu namna ile. Mama muuza maandazi wa pale sokoni alisema ni picha nzuri kuliko zote, amelia mpaka kanga ikalowa. Jirani yake akasema ni mbaya, imemwonyesha mwanaume akiamua peke yake, na ya kwake nyumbani inamtosha. Katekista akasema ina mafundisho. Mwalimu wa shule ya msingi akasema inawafundisha watoto kukimbia kwao, na mkataa kwao ni mtumwa. Wapiga debe wakamjibu kwamba tembea uone, na kwamba mwalimu mwenyewe si mtu wa hapa. Wazee ambao hawakuiona kabisa ndio walioikataa kwa nguvu zaidi: "Sungura gani analia? Sungura wetu angekwisha kumuuzia nahodha meli yake mwenyewe!"

Msidhani walikuwa wakibishana juu ya sungura. Miaka ile malisho yalikuwa yamepungua kwetu, na kila baada ya mavuno ulisikia ukoo mwingine umeswaga ng'ombe kuelekea Rukwa. Hapakuwa na nyumba isiyokuwa na mtu aliyeondoka au anayewaza kuondoka.

Siku ya tatu akaja Ngolo, mke wa Masunga, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alikuwa rika langu, tulicheza pamoja tukiwa wasichana Nkoma, kwa shangazi yangu. Akasalimia vizuri, akaniuliza habari za nyumbani, za kazi, za mvua, mpaka nikajua ana jambo.

"Minza, tunahama. Masunga amesema baada ya mavuno, Rukwa."

"Nimesikia."

"Na mama yangu je?"

Nilimjua mama yake. Mayu Holo tulimwita, mayu ni mama kwetu. Alikuwa amepoteza macho miaka mingi, anakaa peke yake Nkoma, na Ngolo ndiye mtoto pekee aliyembakia. Kila wiki Ngolo alikwenda kumjazia mtungi, kumpikia, kumsuka. Watoto wa majirani walimchotea maji pale walipokumbuka.

"Nikienda, mama atakufa na kiu. Nikibaki, nimeachika," Ngolo akasema. "Masunga anasema atakuja kuitazama hiyo picha, maana watu wanamsumbua nayo. Nakuomba kitu kimoja. Pale mwisho pasipo na picha, sema yule mama alirudi kwao."

Maziwa yalikuwa mazuri. Nilimwambia nitafikiri.

Kesho yake akaja Masunga mwenyewe. Hakuleta maziwa.

"Mwangaluka, Minza."

"Mwangaluka, baba."

"Nasikia sungura wako wamehama."

"Wamehama."

"Sasa mwisho wake useme walinenepa. Mimi si mtu mbaya. Ng'ombe wangu wanakufa, na watoto wanakula kutokana na ng'ombe. Mke wangu akisikia walinenepa, atatulia."

"Na mama yake?"

Akatazama pembeni. "Mzee hawezi safari. Akiachwa na mbuzi wawili na kijana wa jirani, ataishi."

"Mwenyewe anasemaje?"

Akanitazama kama nimemtukana. Mtu hazungumzi na mama mkwe wake. Hiyo niwaeleze ninyi wa mjini: kwetu, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukwepana. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye majani. Kukiwa na jambo, linapita kwa mtu wa katikati. Na mtu wa katikati, Ngolo, hakuwahi kumuuliza mama yake kwa kuogopa jibu. Miezi yote hiyo walikuwa wakigombana juu ya mtu ambaye hakuna aliyekuwa amezungumza naye.

Nikamjibu Masunga, na baadaye nikamjibu Ngolo vivyo hivyo: nitasema yaliyomo kwenye picha, na picha ikiisha nami naisha. Wote wawili walinikasirikia, na nikahesabu hilo kuwa ushahidi kwamba nimetenda haki.

Nikamshawishi Bwana Seif tuirudie, safari hii jua likishazama. Alilalamika kwamba huo ni muda wa karate. Nikamwambia karate haijampotezea mtu ng'ombe lakini pia haijawahi kumleta mama muuza maandazi. Akakubali.

Jioni ile ghala lilijaa mpaka kwenye mizani ya zamani. Masunga alikaa mbele. Halafu mlango ukafunguka, nikamwona Ngolo anamwongoza mama yake kwa fimbo. Alikuwa amemleta kutoka Nkoma juu ya lori la pamba, kwa sababu, aliniambia, kama mama atabaki, angalau awe na siku moja ya kutembea. Masunga alivuta kofia yake mpaka kwenye nyusi akageukia ukutani.

"Jamani, asiyeona anakuja video?" kijana mmoja akauliza kwa sauti.

"Kwani nyie mnaona nini?" Mayu Holo akamjibu. "Nasikia mnamngoja huyu binti awaambie."

Nikamweka karibu na kigoda changu. Alinusa ugoro wake, akapiga chafya, akasema niendelee. Nikafungua kwa kuwaita watu kama bibi anavyowaita wajukuu kando ya moto usiku, nao wakaitika ghala zima, hata wale wapiga debe. Kuanzia hapo hapakuwa na aliyeuliza kwa nini mnyama anaongea.

Sijawahi kutafsiri kama nilivyotafsiri siku ile. Nilikuwa na msikilizaji mmoja ambaye picha yote ilikuwa kinywani mwangu. Nilimwambia rangi ya bonde lilivyokauka. Nilimwambia masikio ya bibi sungura yalivyolala. Baba sungura aliposema mzee hawezi safari, nikatafsiri hivyo hivyo, na Mayu Holo akakohoa.

"Nani kamuuliza?"

Watu wakacheka. Nikaendelea. Treni, meli, jiji, watoto wanaomcheka mama yao. Kina mama wakawa wanavuta makamasi gizani. Tukafika bandarini. Meli ikapiga honi, mama sungura akainua mguu, chenga zikajaa.

Nikashusha kipaza sauti. Ghala likalipuka.

"Anapanda!"

"Anageuka! Ana watoto, ataendaje?"

"Minza, mwisho!"

Ngolo alikuwa ananitazama, na Masunga ananitazama. Nafsi yangu ilikuwa inanituma niseme neno moja tu kwa ajili ya Ngolo, na nililishika kwa meno. Kelele zilipopungua kidogo, sauti ya Mayu Holo ikapita juu ya jenereta.

"Mimi niliuliza swali sikujibiwa. Yule bibi, nani kamuuliza?"

Masunga, macho yake kwenye zile chenga, akasema taratibu:

"Minza, mwambie anayeuliza kwamba bibi wa namna ile hawezi treni."

Nilielewa. Nikainua kipaza sauti, nikarudia neno kwa neno, kama vile lilikuwa limetoka kwenye televisheni.

"Minza, mwambie anayesema hivyo," Mayu Holo akajibu, naye akielekeza uso kwenye mashine, "bibi wa namna ile alijifungulia shambani akarudi na kuni kichwani. Kwenye treni mtu anakaa tu."

Nikarudia. Watu walikuwa wameacha hata kutafuna karanga.

"Mwambie bibi ana makaburi ya watu wake kule bondeni."

"Mwambie makaburi hayajawahi kumchotea maji."

"Mwambie nchi ile ni ngeni," Masunga akasema. "Atapotea. Macho hana."

Bibi sungura alikuwa na macho mawili makubwa, sote tulikuwa tumeyaona. Masunga naye alitambua alichosema, akainamisha kichwa. Mimi nikarudia kama nilivyopewa, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu.

Mayu Holo akaifuta pua yake kwa pindo la nguo.

"Mwambie hata Nkoma siioni. Giza la hapa na giza la Rukwa ni lile lile. Ninachokijua ni kama mwanangu yupo au hayupo. Na mwambie miezi yote hii nimekaa nikingoja mtu aniulize, mpaka nikaja kuulizia kwa sungura."

Sikuweza kulirudia lile. Ndiyo mara pekee katika kazi yangu sauti ilinikataa, na hapakuwa na haja, maana alikuwa amesikika. Ngolo alilia waziwazi na kichwa chake kwenye magoti ya mama yake. Masunga akainuka, akapita katikati ya watu, tukadhani ameondoka. Alipofika mlangoni akasimama, mgongo umetuelekea.

"Minza, mwambie tunaondoka tukishavuna. Atatafutiwa nafasi dirishani."

"Mwambie dirisha ampe mwenye macho," Mayu Holo akasema. "Mimi aniweke karibu na choo."

Kicheko kilichofuata kilidondosha pamba kutoka darini mpaka Bwana Seif akaenda kuifunika deki kwa koti lake.

Waliondoka kweli. Wanaume waliswaga ng'ombe kwa miguu, wanawake wakapanda lori mpaka Shinyanga ili washike treni ya kwenda Mpanda, iliyokuwa mkoa wa Rukwa miaka ile. Nilikwenda kuwasindikiza. Ngolo alinishika mkono akashindwa kuachia, akasema "wabeja" mara nyingi, yaani asante. Mayu Holo alikuwa ameshapandishwa, amekaa juu ya magunia kama mtu aliyezoea.

"Ng'wana wane," akaniita, mwanangu, "mwisho wa ile picha huujui kweli?"

"Siujui, mayu."

"Hata ukija kuujua, usinitumie."

Nilikuja kuujua. Miaka ilipita, Bwana Seif akapata kaseti nzima, akaitangaza kwa mbwembwe mji mzima. Niliitazama kwanza, kama kawaida, na ilikuwa na mwisho wake wa kawaida, wenye wimbo. Bibi hakutajwa. Tulipoionyesha, watu wa Bariadi waliikataa. Walisema hii siyo yenyewe, wazungu wameiharibu, irudishwe ile ya mwanzo. Bwana Seif alishika kichwa. Mimi nilicheka kimoyomoyo, na nilijivuna, kwa kuwa ile ya mwanzo ilikuwa yangu na yao.

Baada ya hapo mnayajua. Televisheni ikaingia kila nyumba, ghala likawa duka la simu, nami nikaja redioni, kisha kwenu studio, kutia sauti. Ningeishia hapa, ila kuna la wiki yangu ya mwisho ambalo nililiona peke yangu.

Mnamkumbuka Nyanzobe mlivyomcheka? Binti wa Mpanda, aliyeajiriwa mwaka huu, mlimpa kipindi cha watoto akaambiwa atafute hadithi ya asili ya Kisukuma. Akasema anayo, lakini hawezi kuirekodi saa sita mchana. Ng'ombe watapotea. Ninyi mlicheka mkaenda kula. Mimi nilimwambia nitakaa naye mpaka jua lizame.

Jua likazama. Nikamfungulia kipaza sauti, akaanza kwa kuita, na mimi nikaitika. Akasimulia habari ya sungura waliokaa bondeni, bonde likakauka. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitufe, ukabaki hapo hapo. Katika hadithi yake bibi aliachwa mlangoni mwa shimo. Treni ikaenda, meli ikaenda, watoto wakajifunza kumcheka mama yao. Mama sungura akashuka bandarini, akainua mguu kupanda meli ya kurudi kumfuata bibi. Mguu ukiwa bado hewani, akasikia chafya nyuma yake.

"Unakwenda wapi?" bibi akamuuliza. "Mimi nilishashuka zamani. Nilikaa karibu na choo."

Nyanzobe alipomaliza nilimuuliza nani kamfundisha. Akasema ni bibi mmoja wa kijijini kwao, asiyeona, mwenye ugoro. Aliwasimulia watoto wa mtaa mzima kila jioni mpaka alipofariki, na alikufa binti yake akiwa amemshika mkono. Nilijivuna, nikalia, sikujali kuonekana.

"Mama Minza, nimekosea mahali?" akauliza. "Nirudie?"

Nikamwambia hapana, aiache hivyo hivyo. Sikutia neno langu hata moja.